Leza ya nguvu ndogo kwa maumivu sugu ya kiungo cha taya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maumivu ya taya yasiyoisha humchosha mtu kwa namna ambayo walio karibu naye hawaioni. Hana bandeji wala uvimbe, na huenda picha za eksirei zimeonyesha kila kitu ni cha kawaida, lakini kula, kuongea na hata kupiga miayo vimekuwa kazi. Mtu wa namna hiyo anapoambiwa kwamba kuna mwale wa mwanga usiouma unaoweza kumpa nafuu, ni haki yake kutaka kuujaribu, na ni haki yake pia kuelezwa ukweli wote kabla hajatoa fedha zake. Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili yake.

Kiungo cha taya ni kipi hasa?

Weka vidole viwili mbele kidogo ya matundu ya masikio yako, kisha fungua na ufunge mdomo polepole. Kile kinachosogea chini ya vidole ni kichwa cha mfupa wa taya la chini, kinachokaa katika kishimo cha mfupa wa fuvu. Kati ya mifupa hiyo miwili kuna kisahani cha nyuzi ngumu kinachoteleza pamoja na taya. Viungo hivi viko viwili, kulia na kushoto, na kwa kuwa vimeungwa na mfupa mmoja, hakuna kinachoweza kusogea bila mwenzake. Vinaendeshwa na misuli yenye nguvu nyingi: ule mnene wa shavuni, ule mpana wa kwenye panja, na mingine iliyojificha ndani zaidi.

Wagonjwa wengi husema "kiungo kinauma" ilhali maumivu yao yanatoka kwenye misuli hiyo. Tofauti hii ina uzito kwa mada yetu, kwa sababu anayeelekeza mwale wa leza kwenye kiungo wakati kinachouma ni msuli anaangaza mahali pasipohusika. Madaktari huyaita maumivu haya sugu yanapozidi miezi 3. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, hasa katika miaka ya utu uzima wa mapema na wa kati.

Kwa nini huanza, na kwa nini hayaishi?

Ni nadra kupata sababu moja. Wapo walioumia taya katika ajali au waliokaa mdomo wazi muda mrefu wakati wa kung'olewa jino la mwisho. Wapo wanaobana meno mchana kutwa bila kujua wanapoendesha gari au kusoma kwenye kompyuta, na wanaosaga meno usingizini. Kutafuna kitu kigumu kwa saa nyingi huchosha misuli ya taya kama kubeba mzigo kunavyochosha mgongo. Katika Afrika Mashariki ni muhimu kumuuliza mgonjwa wazi, bila kumhukumu, kama anatafuna miraa au muguka, muwa, au chingamu kila siku. Hofu, msongo wa mawazo na usingizi mbovu huongeza maumivu. Kusema hivyo si kusema kwamba mgonjwa anajizulia, kwani mishipa ya fahamu iliyopitisha maumivu kwa muda mrefu hubaki na wepesi wa kuyapitisha, hata pale jeraha la mwanzo lilipokwisha kupona.

Nitajuaje kwamba tatizo ni taya, si jino au sikio?

Huwezi kujua kwa uhakika bila kuchunguzwa, na uchunguzi huu ndio ninaousisitiza kuliko jambo lolote katika majibu haya. Daktari wa kinywa na meno ataangalia meno yenye kutoboka, jino la mwisho lililokwama na fizi zake, kisha atabonyeza misuli na kiungo, na kupima mdomo unafunguka kiasi gani. Mtu mzima kwa kawaida hufungua milimita 40 au zaidi, takribani upana wa vidole vyake vitatu vya kati vikiwa wima. Vigezo vya kimataifa vya utambuzi vilivyochapishwa mwaka 2014 humtaka mchunguzi aulize kama kubonyeza huko kunaamsha maumivu yaleyale mgonjwa anayoyafahamu. Vilevile humtaka aulize kuhusu usingizi, huzuni na wasiwasi.

Zipo dalili ambazo hazipaswi kusubiri leza wala tiba nyingine ya taratibu. Taya linalokaza ghafla, hasa kwa mtu mwenye kidonda au asiyekamilisha chanjo, linaweza kuwa pepopunda. Maumivu ya taya yanayokuja na kubanwa kifua, jasho jingi au kukosa pumzi yanaweza kuwa ya moyo. Homa na uvimbe wa shavu, ganzi ya uso, donge linalokua, kupungua uzito bila sababu, au maumivu mapya ya kichwa na taya yenye kuvuruga macho kwa mtu aliyevuka miaka 50, yote yanahitaji hospitali siku hiyohiyo au mapema iwezekanavyo. Kadhalika taya lililoteguka na kubaki wazi hurudishwa kwa mikono ya mtaalamu, na hakuna mwanga utakaolirudisha.

Leza ya nguvu ndogo ni nini? Je, inachoma au kukata?

Haikati wala haichomi. Leza za upasuaji hufanya kazi kwa joto kali, lakini hii hutumia nguvu ndogo kiasi kwamba tishu hazipati joto la kuziharibu. Vifaa vingi vya aina hii vina nguvu isiyozidi miliwati 500, ambao ndio ukomo wa daraja la 3B katika mpangilio wa kimataifa wa usalama wa leza. Mwanga wake huwa mwekundu au wa infraredi, ule ulio ng'ambo kidogo ya wekundu ambao jicho halioni. Siku hizi wataalamu wengi huiita tiba ya mwanga, kwa kuwa taa za LED nazo hutumika kwa lengo hilohilo.

Tiba hii ilitoka wapi?

Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California mwaka 1960. Miaka michache baadaye, mwaka 1967, daktari mpasuaji Endre Mester wa Budapest, Hungaria, alitaka kujua kama mwanga huo unasababisha saratani, akawanyoa panya mgongoni na kuwaangazia. Panya hawakupata saratani. Badala yake manyoya ya walioangaziwa yaliota upya haraka kuliko ya wenzao. Mester akaendelea na vidonda visivyopona, na tangu hapo wazo la mwanga kuchochea tishu likaenea.

Mwanga unawezaje kupunguza maumivu?

Maelezo yanayokubalika zaidi yanaanzia ndani ya seli, kwenye mitokondria, ambako nishati ya mwili hutengenezwa. Huko kuna kimeng'enya kiitwacho sitokromu c oksidesi ambacho hufyonza mwanga mwekundu na wa karibu na infraredi. Kikishaufyonza, inadhaniwa kwamba huachia oksidi ya nitriki iliyokuwa imekizuia, seli ikazalisha nishati zaidi, na mlolongo wa ishara ukafuata ambao hupunguza uvimbe na kupanua mishipa midogo ya damu. Dozi kubwa zaidi zinaweza pia kupunguza kwa muda kasi ya mishipa ya fahamu inayopitisha maumivu.

Maabara zimeonyesha mengi ya haya kwenye seli na kwa wanyama. Hata hivyo, jambo linaloweza kutokea kwenye sahani ya maabara si lazima limpunguzie mama wa watoto watatu maumivu anayoamka nayo kila asubuhi, na ndiyo maana swali linalofuata lina uzito kuliko hili.

Je, imethibitishwa kwamba inafanya kazi kwa taya?

Jibu la haki ni kwamba inaweza kusaidia baadhi ya watu, lakini ushahidi hautoshi kuifanya iwe tiba ya kwanza. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2011, yaliyounganisha majaribio machache yaliyokuwapo, hayakuona ushahidi wa kuiunga mkono. Mapitio mengine ya mwaka 2018, yaliyokusanya majaribio 31, yaliona kwamba inapunguza maumivu na kuboresha ufunguaji wa mdomo. Kisha Desemba 2023 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha mwongozo wa kimataifa kuhusu maumivu sugu ya taya, na jopo lake likapendekeza leza ya nguvu ndogo isitumike, iwe peke yake au pamoja na tiba nyingine. Pendekezo hilo lilikuwa la masharti, yaani jopo liliona kwamba wagonjwa wengi wakielezwa vizuri hawataichagua, ila wapo ambao kwa sababu za msingi wataichagua.

Kwa nini majibu yanapishana hivi? Majaribio mengi yalikuwa na wagonjwa wachache na yaliwafuatilia kwa wiki tu, si kwa miezi. Kila kundi la watafiti lilitumia rangi yake ya mwanga, dozi yake na idadi yake ya vikao. Wengine walichanganya wagonjwa wa misuli na wa kiungo. Kuna pia jambo la kibinadamu: katika majaribio haya baadhi ya wagonjwa huwekewa kifaa kilichozimwa bila wao kujua, na mara nyingi nao husema wamepata nafuu. Si waongo. Maumivu ya taya hupanda na kushuka yenyewe, na mtu huja kutibiwa yanapokuwa yamepanda. Aidha, kusikilizwa, kuguswa kwa uangalifu na kutarajia kupona ni mambo yenye nguvu halisi juu ya maumivu. Kwa hiyo kazi ya utafiti ni kupima leza inaongeza nini juu ya hayo.

Isidhaniwe kwamba mwanga huu hauna maana popote. Kwa wagonjwa wa saratani wanaopata vidonda vikali vya mdomoni kutokana na mionzi au dawa, ushahidi ni imara zaidi, na miongozo ya kimataifa inaipendekeza kwa kuzuia vidonda hivyo katika hali maalumu. Ila kufaulu kwa tiba kwenye ugonjwa mmoja hakuwi cheti chake kwenye ugonjwa mwingine, na tangazo linalochanganya mambo haya mawili linampotosha msomaji.

Kama ni hivyo, ni tiba zipi zilizopendekezwa kwa nguvu?

Mwongozo huohuo wa 2023 uliweka mbele mambo yasiyo na mitambo: elimu na kumtoa mgonjwa hofu, mazoezi ya taya na ya mkao yanayosimamiwa na mtaalamu, kunyoosha taya kwa mikono, kukanda vifundo vya misuli vinavyouma, na tiba ya mazungumzo inayomfundisha mtu kushughulikia fikra na mienendo inayoongeza maumivu. Ulionya vikali dhidi ya upasuaji wa kuondoa kisahani cha kiungo na dhidi ya vifaa vya mdomoni vinavyobadilisha mpangilio wa meno bila uwezekano wa kurudi nyuma. Ukipata fedha za kitu kimoja tu, nakusihi zianzie kwa mtaalamu wa fiziotherapia anayejua taya.

Dozi huhesabiwaje, na kwa nini nijali?

Unapaswa kujali kwa sababu katika tiba hii kuzidisha si kuboresha. Mwanga kidogo mno haufanyi kitu, wa wastani huchochea, na mwingi mno unaweza kufuta kile kilichochochewa.

Nishati hupimwa kwa jouli, nayo ni nguvu ya kifaa kwa wati ikizidishwa kwa sekunde. Kifaa cha miliwati 100, yaani wati 0.1, kikishikiliwa mahali pamoja kwa sekunde 60 hutoa jouli 6. Ikiwa ncha yake inaangaza eneo la nusu sentimita ya mraba, basi dozi ni jouli 12 kwa kila sentimita ya mraba. Kifaa cha miliwati 200 hutoa jouli 6 hizohizo kwa sekunde 30. Kwa hiyo mtoa huduma anayekwambia "tutakuwekea dakika tano" bila kujua nguvu ya kifaa wala ukubwa wa ncha hajakwambia dozi yoyote, sawa na muuguzi anayesema atakupa "dawa kijiko" bila kutaja ni dawa gani.

Rangi nayo ina maana, na hutajwa kwa urefu wa wimbi la mwanga, unaopimwa kwa nanomita. Mwanga mwekundu wa takribani nanomita 630 hadi 660 huishia karibu na ngozi, na ule wa infraredi wa takribani nanomita 780 hadi 980 hufika ndani zaidi, ndiyo maana hupendelewa kwa taya. Kiungo chenyewe hakiko mbali na ngozi, lakini baadhi ya misuli inayokizunguka iko nyuma ya mfupa na ni vigumu kuifikia kutoka nje.

Mimi nina ngozi nyeusi. Kuna tofauti?

Ipo, na swali hili linastahili kuulizwa mara nyingi zaidi. Melanini, yaani rangi asilia ya ngozi, hufyonza mwanga, kwa hiyo sehemu kubwa zaidi ya mwale hubaki kwenye ngozi nyeusi na kugeuka joto kabla haujafika chini. Kwa kifaa cha nguvu ndogo hilo ni joto dogo tu, lakini kwa leza za daraja la 4, zinazozidi miliwati 500, ngozi inaweza kuungua ikiwa kichwa cha kifaa kitatulizwa mahali pamoja. Ufyonzaji huo wa melanini hupungua kadiri urefu wa wimbi unavyoongezeka, hivyo infraredi ni rafiki zaidi kuliko mwanga mwekundu. Mweleze mtoa huduma mara tu unapohisi joto. Usivumilie ukidhani kwamba ndiyo dawa inaingia. Ndevu nazo huzuia mwanga, na tatuu hufyonza.

Kikao kinakuwaje?

Utaketi au kulala, uso utafutwa vipodozi na mafuta, na wewe pamoja na anayekutibu mtavaa miwani ya kinga. Ncha ya kifaa hugusishwa kwenye ngozi mbele ya sikio na kwenye sehemu za msuli zilizouma zilipobonyezwa, kila moja kwa sekunde kadhaa au zaidi ya dakika. Wengi hawahisi chochote. Katika tafiti, vikao huwa mara 2 au 3 kwa wiki, na jumla yake kwa kawaida ni kati ya 6 na 12.

Ina madhara gani?

Inapotumiwa vizuri, madhara ni machache: wekundu wa muda, au maumivu kuongezeka kidogo kwa siku moja. Hatari kubwa ni jicho. Mwale wa infraredi hauonekani, kwa hiyo jicho halipepesi kujikinga, na lenzi yake huukusanya kwenye retina na kuiunguza pasipo kurekebishika. Kwa kuwa taya liko karibu na jicho, miwani si hiari, na lazima iwe imeandikwa urefu wa wimbi unaolingana na wa kifaa hicho. Miwani ya jua haifai. Vioo na vito vinavyoweza kuakisi mwale viondolewe.

Leza isielekezwe mahali penye saratani au panaposhukiwa kuwa na saratani, wala juu ya tezi ya thairoidi iliyo mbele ya shingo. Mjamzito, mwenye kifafa, na anayetumia dawa zinazofanya ngozi iathirike na mwanga wamwambie daktari kwanza.

Taya langu linaalika, yaani linatoa mlio. Leza italinyamazisha?

Hapana. Mlio hutokana na kisahani kinachoteleza na kurudi mahali pake, na mwanga hausogezi kisahani. Mlio usioambatana na maumivu wala kukwama hauhitaji tiba yoyote. Watu wengi wenye afya wanao maisha yao yote.

Ninaweza kununua kifaa kidogo mtandaoni na kujitibu?

Sishauri. Vifaa vingi vya bei nafuu huandikwa nguvu isiyo ya kweli, na baadhi huuzwa bila miwani au na miwani ya rangi tu isiyozuia infraredi. Mwenye kifaa hana njia ya kupima kinachotoka, na katika nyumba yenye watoto hatari ya jicho ni kubwa kuliko faida inayotarajiwa. Nchini Tanzania vifaa tiba husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na nchini Kenya na Bodi ya Dawa na Sumu (Pharmacy and Poisons Board). Unaweza kuuliza kama kifaa kimesajiliwa.

Niulize nini kabla ya kulipa?

Uliza utambuzi wako ni upi: msuli, kiungo, au vyote viwili. Uliza urefu wa wimbi, nguvu na jouli kwa kila sehemu, na kama dozi hiyo inaandikwa kwenye faili lako. Uliza anayekutibu amesajiliwa na baraza gani la taaluma yake. Uliza mazoezi gani utafundishwa sambamba na leza, kwa maana kliniki inayouza mwanga peke yake imeacha sehemu iliyo bora ya tiba. Ukilazimishwa kulipia vikao 20 kwa mpigo kabla hata ya kuchunguzwa, una sababu ya kutosha ya kuondoka.

Nifanye nini nyumbani?

Midomo ikiwa imefungwa, meno ya juu na ya chini hayapaswi kugusana isipokuwa wakati wa kutafuna na kumeza. Weka ncha ya ulimi kwenye kaakaa, nyuma kidogo ya meno ya mbele ya juu, na uache taya lining'inie kwa wepesi. Ulimi ukiwa hapohapo, fungua na ufunge mdomo polepole mara 6 hadi 10, mara kadhaa kwa siku. Kitambaa chenye maji ya moto ya kuvumilika kwa dakika 15 hulegeza msuli. Maumivu yakipanda, kula mtori, uji, maharage yaliyopondeka au samaki kwa siku chache, na acha mahindi ya kuchoma na nyama ngumu. Lakini usiendelee hivyo kwa miezi, kwa kuwa msuli usiotumika hudhoofika. Dawa za maumivu kama ibuprofeni zitumike kwa muda mfupi na kwa ushauri, hasa kwa mjamzito au mwenye vidonda vya tumbo au matatizo ya figo.

Nitajuaje kama leza inanisaidia, na niache lini?

Kabla ya kikao cha kwanza andika kwenye daftari maumivu yako kwa kipimo cha 0 hadi 10, ufunguaji wa mdomo kwa milimita, na kitu kimoja usichoweza kufanya kwa sasa, kwa mfano kula chapati bila kuikatakata. Rudia kila wiki. Kupungua kwa takribani asilimia 30, tuseme kutoka 7 hadi 5, huhesabiwa na watafiti kuwa nafuu yenye maana kwa mgonjwa. Kama baada ya vikao 6 namba hazijasogea na chapati bado inakatwakatwa, mwambie mtoa huduma kwamba unasimama, na urudi kwa daktari aliyekuchunguza ili utambuzi wenyewe upitiwe upya.